Umelipia oda mtandaoni, kisha wanasema bidhaa imeisha: jinsi ya kudai pesa zako

Duka la mtandaoni lililopokea pesa zako na halina bidhaa uliyolipia halina haki ya kuendelea kukaa nazo. Haliwezi kuzishikilia likisubiri mzigo mwingine bila ridhaa yako, haliwezi kuzigeuza vocha bila ridhaa yako, wala haliwezi kukuletea kitu ambacho hukuagiza na kutaka ukipokee. Nayasema haya mapema kwa sababu wanunuzi wengi huku kwetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega mpaka mashambani, huanza kudai kwa sauti ya mtu anayeomba msaada. "Tafadhali, kama inawezekana, mnirudishie hata nusu." Pesa hizo ni zako zote, na sheria za Kenya zimekulinda kuliko unavyodhani.

Wanaopoteza pesa zao mara nyingi hupoteza kwa sababu mbili: hungoja kimya, na hudai kwa simu tu bila kuacha maandishi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mtu aliyeko mbali na ofisi za Nairobi anaweza kuufuata akiwa na simu yake, na mwishoni, ikibidi, akiwa na nauli ya kufika mahakamani mjini.

Anza na meseji ya malipo

Fungua meseji ya M-Pesa uisome polepole. Mwanzoni kuna namba ya muamala, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, zote pamoja kumi. Kisha kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa, na kama ulilipa kwa Paybill, yaani namba ya malipo ya kampuni, namba ya akaunti uliyoandika. Usifute meseji hii hata simu ikijaa.

Jina la aliyepokea litazame kwa makini. Likiwa jina la kampuni ya duka, kazi yako ni nyepesi. Wakati mwingine utakuta jina usilolijua kabisa, kwa sababu maduka mengi hukusanya malipo kupitia kampuni za kati. Hilo peke yake si dalili ya utapeli, ila ni lazima uwe na maandishi yanayoonyesha kwamba ni duka ndilo lililokupa namba ile ya kulipia. Kazi ni ngumu zaidi pale jina likiwa la mtu binafsi, yaani ulituma pesa kwa namba ya kawaida ya simu kwa sababu muuzaji wa Facebook au TikTok alisema "till yetu ina shida leo". Hapo unamdai mtu, na utahitaji kuthibitisha kwamba yeye na duka ni kitu kimoja. Tafuta ule ujumbe wa WhatsApp aliokutumia namba hiyo. Ndio kiungo chako.

Aliyelipa kwa kadi apigie benki yake na kuuliza swali moja: malipo haya yamekamilika, au pesa zimezuiwa tu? Oda inapowekwa, benki inaweza kuzuia kiasi hicho kwenye akaunti huku duka likiwa bado halijakichukua. Kama ni zuio, huondoka baada ya siku kadhaa duka lisipokamilisha malipo. Kama yamekamilika, endelea na hatua zinazofuata.

Hifadhi ushahidi siku hiyo hiyo

Kurasa za maduka hubadilika usiku mmoja. Ukiambiwa tu bidhaa imeisha, kabla hujajibu lolote, piga picha za skrini za ukurasa wa bidhaa, bei yake, ahadi ya siku za kufikisha mzigo, uthibitisho wa oda uliotumiwa kwa barua pepe au meseji, na ule ujumbe wenyewe wa "samahani, stoki imeisha". Piga pia picha ya masharti ya duka, hasa sehemu ya kurudisha pesa. Hakikisha tarehe inaonekana.

Kisha fanya jambo ambalo watu wengi hawalikumbuki. Rudi kwenye tovuti au programu ya duka kesho yake na utazame kama bidhaa ile ile bado inauzwa. Mara nyingi utaikuta pale, na kitufe cha kununua kikiwa hai, duka likiendelea kupokea pesa za wengine kwa kitu ambacho limekuandikia wewe kwamba halina. Piga picha. Picha hiyo ina uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Picha za skrini zitumie, lakini usifute ujumbe asilia ulio kwenye simu. Ukifika mbele ya mtu wa kuamua, anaweza kutaka kuuona ulipotoka. Na kama mmezungumza kwa simu, ukimaliza tu mwandikie: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umesema pampu haipo na hamjui itafika lini." Asipokanusha, una maandishi.

Sheria inakupa nini hasa

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo, na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Haki hizo haziishii kwa huduma za serikali. Zinawabana hata wauzaji binafsi.

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hii ndiyo unayopaswa kuitaja kwa jina unapoandika. Inahesabu kuwa ni uongo wa kibiashara kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ipo ilhali muuzaji anajua, au alipaswa kujua, kwamba haipo. Shika maneno hayo: alipaswa kujua. Duka likisema "mfumo wetu haukuwa umesasishwa", halijajitetea. Kujua kilichomo kwenye bohari yake ni kazi yake. Mkataba uliofungwa kwa maelezo ya uongo namna hiyo unaweza kuuvunja kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mlipokubaliana.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu mnunuzi kufuta mkataba ikiwa siku 30 zimepita baada ya tarehe iliyoahidiwa na mzigo haujafika. Kama hakuna tarehe iliyotajwa, siku hizo huhesabiwa tangu siku ya mkataba. Kuna wauzaji wanaoigeuza kanuni hii na kukuambia "sheria inatupa siku 30". Siku hizo zimewekwa kwa ajili ya mzigo unaochelewa. Duka lililokwisha kukiri kwamba halina kitu na halijui kitapatikana lini haliko katika hali ya kuchelewa. Limekuambia haliwezi kutimiza, na huna sababu ya kungoja mwezi mzima.

Usijibu "sawa"

Hapa ndipo ningependa usimame kidogo. Ujumbe wa kawaida wa duka huja ukiwa na adabu nyingi: samahani mpendwa mteja, bidhaa imeisha, tunatarajia mzigo mpya hivi karibuni, tutakujulisha. Mkono unakimbilia kuandika "sawa". Neno hilo moja linaweza kusomwa kwamba umekubali tarehe mpya isiyojulikana, na kuanzia hapo kila ukipiga simu utaambiwa, "Lakini ulisema utangoja."

Amua kwanza. Una njia tatu. Unaweza kungoja, na kama utangoja andika tarehe ya mwisho: "Nitangoja hadi Ijumaa tarehe 13. Isipofika, oda imefutwa na mnirudishie pesa." Unaweza kukubali bidhaa mbadala, lakini taja modeli na bei, na kama mbadala ni wa bei ya chini dai tofauti yako. Au unaweza kufuta oda. Ukifuta, sema neno "nimefuta" waziwazi.

Tuseme mkulima wa Ahero ameagiza pampu ya kumwagilia nyanya wakati jua ni kali. Pampu inayofika baada ya mvua kuanza haimsaidii. Barua yake, kwa barua pepe na pia kwa WhatsApp ya duka, inaweza kuwa hivi:

*Kwa huduma kwa wateja,*

*Tarehe 3 Machi niliwalipa kwa Paybill shilingi 24,500 za pampu ya maji ya inchi mbili na shilingi 600 za usafirishaji hadi Ahero. Namba ya oda na namba ya muamala wa M-Pesa nimeziweka hapa chini. Tarehe 6 Machi mliniandikia kwamba pampu hiyo imeisha. Mlipokea pesa zangu kwa bidhaa mliyoitangaza kuwa ipo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu hilo.*

*Nimefuta oda hii kuanzia leo. Sitangoja mzigo mwingine, na sitaki vocha wala bidhaa mbadala. Nirudishieni shilingi 25,100 zote kwa namba ile ile niliyolipia, kabla ya saa kumi na moja jioni tarehe 14 Machi. Msipofanya hivyo nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo mjini Kisumu.*

Hakuna tusi, hakuna historia ndefu. Kiasi, tarehe, sheria, siku ya mwisho. Nauli ya mzigo imo ndani, kwa sababu mzigo haukusafiri. Kama ulikatwa ada ya M-Pesa kwa malipo hayo, iongeze pia.

Kama oda ilikuwa na vitu vitatu na kimoja ndicho kilichokosekana, unadai bei ya hicho kimoja. Lakini kama vitu hivyo vinategemeana, mfano paneli ya sola, betri na kifaa cha kudhibiti chaji, andika kwamba bila kile kilichokosekana vingine havikufai, na ufute vyote kabla hujavipokea. Ukishavifungua na kuvitumia, hoja hiyo inadhoofika.

Majibu utakayopewa

"Pesa ziko kwenye akaunti yako ya duka, nunua kitu kingine." Akaunti ya ndani ya duka ni pesa zao bado, kwa sababu huwezi kuzitumia sokoni Kibuye wala kulipia karo. Jibu: nililipa kwa M-Pesa, nirudishieni kwa M-Pesa.

"Masharti yetu yanasema oda si mkataba mpaka tuithibitishe." Sharti hilo lipo kwenye tovuti nyingi, na wengi wakilisoma hukata tamaa. Lifikirie vizuri. Kama mkataba haukuwahi kuwepo, basi duka limeshika pesa zako bila mkataba wowote, na halina hata sababu moja ya kuendelea kuzishika. Kwa vyovyote vile pesa zinarudi. Sharti hilo likiwasaidia, litawasaidia pale unapodai fidia zaidi ya pesa ulizolipa.

Kuhusu fidia yenyewe, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inatambua kwamba mnunuzi asiyeletewa bidhaa anaweza kudai tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya sokoni wakati bidhaa ilipopaswa kufika. Ukilazimika kununua pampu ile ile mjini kwa shilingi 27,000, weka risiti. Ile 2,500 ya ziada inadaiwa, mradi mkataba ulikuwa umekamilika.

"Sisi ni soko tu, mdai muuzaji." Soko la mtandaoni linalokaribisha wauzaji wengi hupenda jibu hili. Tazama ni nani aliyepokea pesa. Kama meseji ya malipo ina jina la soko, anza na soko, na wao wafuatane na muuzaji wao. Wakati huo huo mwandikie na muuzaji, usichague mmoja.

Jihadhari na jambo moja unapolalamika hadharani. Ukiandika chini ya ukurasa wa duka kwenye Facebook au X, matapeli wenye picha na jina linalofanana na la duka wanaweza kukufuata wakisema ni huduma kwa wateja. Watakuomba namba ya simu, kisha namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwa meseji. Kurudishiwa pesa hakuhitaji namba yako ya siri hata siku moja. Fuata mawasiliano yaliyo kwenye uthibitisho wa oda yako tu.

Benki na M-Pesa

Uliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard una njia nzuri sana ambayo watu wachache huitumia: unaiomba benki yako ipinge malipo kwa sababu bidhaa haikufika. Benki itakupa fomu, nawe utaambatisha uthibitisho wa oda, ujumbe wa stoki kuisha na barua yako ya kufuta. Muda wa kufanya hivyo una kikomo, kwa hiyo usimpe muuzaji miezi ya kukuzungusha. Tarehe uliyompa ikipita, nenda benki kesho yake.

M-Pesa haina utaratibu kama huo. Namba 456, ambayo hutumiwa ujumbe wa muamala ili ubatilishwe, imekusudiwa malipo yaliyotumwa kimakosa, na pesa zikishatolewa upande wa pili haitakusaidia. Mgogoro wa oda ni kati yako na muuzaji. Unachoweza kupata kwa Safaricom ni taarifa kamili ya miamala yako, kupitia *334#, na hiyo iambatishe kwenye kila malalamiko.

Mamlaka ya Ushindani

Siku ya mwisho ikipita bila jibu, andika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Iliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, na sheria hiyo inapiga marufuku maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa wanunuzi. Malalamiko yanatumwa mtandaoni au kwa barua pepe, kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi Nairobi. Eleza kwa nusu ukurasa na uambatishe ushahidi kwa mpangilio wa tarehe. Ile picha ya bidhaa ikiendelea kuuzwa iweke ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kwamba wanunuzi wengine pia wanaumia, na hilo ndilo linaloipa mamlaka sababu ya kuchunguza. Mpelekee muuzaji nakala. Maduka mengi yenye jina la kulinda hurudisha pesa katika hatua hii.

Mahakama ya Madai Madogo

Watu wakisikia mahakama huwaza wakili na miaka mitano. Mahakama hii haikuundwa hivyo. Sheria yake ni ya 2016, ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, na sasa iko Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega miongoni mwa miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa na ya pesa ambazo mtu amezishika isivyo haki. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Huhitaji wakili, Kiswahili kinatumika, na mwamuzi habanwi na kanuni ngumu za ushahidi. Mtu asiyeweza kufika anaweza kuwakilishwa na mwingine aliyemwidhinisha kwa maandishi, jambo linalowafaa wazee walioagiziwa vitu na watoto wao.

Jambo la kulimaliza kabla ya kwenda ni jina. Hushtaki jina la biashara linalong'aa juu ya programu. Unashtaki kampuni iliyosajiliwa au mtu anayeimiliki. Tafuta jina hilo kwenye masharti ya tovuti, kwenye risiti, kisha lithibitishe kwa msajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kesi inaweza kukwama kwa kosa la jina tu, hata kama deni halibishiwi.

Duka likiwa Nairobi na mzigo ulipaswa kufikishwa kwako Kisumu, eleza hilo kwenye dai lako, kwa sababu mahali mkataba ulipopaswa kutekelezwa ndipo panapokuruhusu kufungua kesi nyumbani. Makarani wa mahakama huonyesha fomu na jinsi ya kuziwasilisha mtandaoni. Omba pesa ulizolipa, tofauti ya bei kama ipo, riba na gharama za kesi. Una miaka sita kudai deni la mkataba, lakini mwaka mmoja ukipita hata ushahidi wako utakuwa umechakaa.

Polisi ni wa lini

Duka halali lililoshindwa kupanga stoki yake ni jambo la madai, na askari akikuambia uende mahakamani atakuwa sahihi. Mambo hubadilika pale ambapo muuzaji hakuwa na bidhaa tangu mwanzo: ukurasa umefutwa, namba imezimwa, picha ziliibwa kwa duka lingine, na kuna wengine waliolipa kama wewe. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, pata namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio cha kituo, na ukiwafahamu wengine waliotapeliwa nendeni pamoja. Fanya haraka, maana laini ya simu iliyopokea pesa ndiyo njia ya kumfikia mtu huyo.

Pesa zikirudi

Usiamini meseji peke yake. Tazama salio lako, kwa sababu meseji bandia za M-Pesa ni nyingi. Kama una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha, pesa zikiingia zitakatwa moja kwa moja kulipa deni hilo, hivyo salio linaweza kuwa pungufu ilhali duka limelipa zote. Linganisha na taarifa ya miamala kabla ya kulalamika upya. Wakirudisha sehemu tu, waandikie siku hiyo hiyo kwamba umepokea kiasi hicho na bado unadai kilichobaki, ukikitaja kwa tarakimu. Wakikamilisha, waandikie kwamba wamekamilisha, na uijulishe mamlaka au mahakama kama ulikuwa umefika huko.